Maswali ya Wasomaji: DNA ya Ndizi Ndani ya Glasi

Barua tulizochagua safari hii zinahusu jaribio moja: kutoa DNA, yaani vinasaba, kwenye tunda kwa kutumia sabuni, chumvi na spiriti. Tumeanza na ya mwalimu kwa sababu jibu lake linabeba hatua zote. Wengine tutawarudisha hapo.

Mimi ni mwalimu wa Baiolojia katika shule ya kata huku Tukuyu. Nina darasa la wanafunzi 60, maabara hatuna, ila ndizi zimejaa kila kona. Nataka vijana waione DNA kwa macho yao, wasiishie kuchora ngazi iliyosokotwa ubaoni. Nihitaji nini, na kwa vipimo gani?
*Mwalimu, Tukuyu*

Mwalimu, soko la ndizi na duka la dawa vinakutosha. Wagawe vijana katika makundi 12 ya watu watano watano.

Anza na spiriti siku moja kabla. Kila kundi litatumia ml 20 ya ile ya asilimia 70 ya duka la dawa, kwa hiyo nunua jumla ya ml 300 ubaki na akiba. Ilaze kwenye friza usiku kucha; haitaganda. Kama friza hakuna, ifunge vizuri, itumbukize kwenye ndoo ya maji na uiache nje usiku. Kwa baridi ya Tukuyu ya Juni na Julai njia hiyo inasaidia sana, mradi ufanye jaribio kipindi cha kwanza kabla jua halijapanda. Spiriti isiyo ya baridi nayo huleta kitu, lakini kidogo na kwa kuchelewa.

Asubuhi tengeneza mchanganyiko wa darasa zima: maji safi ml 400, sabuni ya maji ya kuoshea vyombo ml 40, na chumvi ya mezani vijiko viwili vya chai vilivyosawazishwa, takriban g 12. Koroga taratibu mpaka chumvi iyeyuke. Povu likijaa, liache litulie kwanza, kwa sababu ndilo litakaloharibu mwisho wa kazi. Kwa kupimia, bomba la sindano la ml 20 (bila sindano yenyewe) ni rahisi na lina alama sahihi kuliko kijiko.

Kila kundi lipate nusu ya ndizi mbivu ya wastani, kama g 40 bila ganda. Chagua iliyoanza madoadoa machache ya kahawia. Ndizi mbichi ina wanga mwingi na utomvu wake unabadilisha rangi ya kila kitu. Iliyooza nayo, vimeng'enya vyake, yaani protini zinazofanya kazi ya kukatakata vitu ndani ya seli, vimeshaanza kuikata DNA vipande vipande. Maelekezo mengi hutaja mfuko wa plastiki wa kufunga. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019, na kwa kazi hii hauhitajiki mfuko wa aina yoyote: bakuli na uma vinatosha. Waponde kwa dakika mbili mpaka uwe uji mzito usio na mabonge. Kuponda huku ndiko kunakopasua kuta za seli, na bonge lisilopondwa ni seli ambazo sabuni haitazifikia.

Waongeze ml 30 za mchanganyiko, wakoroge polepole kwa dakika mbili, kisha waache kwa dakika kumi. Hapo sabuni inafanya kazi ileile inayoifanya kwenye sufuria yenye mafuta. Utando wa seli na ule wa kiini chake umejengwa kwa mafuta na protini. Sabuni huyachukua mafuta, utando unavunjika, na DNA inamwagika nje. Chumvi ina kazi ya pili. Uti wa DNA umejaa fosfeti zenye chaji hasi, kwa hiyo nyuzi zinasukumana. Chaji chanya za sodiamu iliyo ndani ya chumvi huituliza ile hasi, na hapo nyuzi zinaweza kukaribiana na kushikana.

Kisha wachuje kwa kitambaa safi cha pamba, kama kile cha kuchujia tui, juu ya glasi. Waache kidondoke chenyewe hata kama kitachukua dakika kumi. Najua vijana hawana subira na watataka kukikamua. Wazuie, sababu utaiona katika barua inayofuata. Chukua ml 10 ya kilichochujwa, tia kwenye glasi nyembamba au chupa ndogo angavu ya dawa iliyooshwa. Inamisha chupa, na kwa bomba la sindano teremsha ml 20 za spiriti baridi taratibu ubavuni, ili ikae juu bila kuchanganyika. Spiriti ni nyepesi kuliko maji ya chumvi, itaelea yenyewe ukiwa na mkono mtulivu.

Waiache bila kuitikisa. Ndani ya dakika tano hadi kumi, kwenye mpaka wa tabaka mbili, watauona ukungu mweupe unaojikusanya kuwa nyuzi na kupanda juu. DNA huyeyuka kwenye maji lakini haiyeyuki kwenye spiriti yenye chumvi, ndiyo maana inajitenga pale pale zinapokutana. Kijiti cha mshikaki kikizungushwa taratibu upande mmoja kitaivuta kama uzi.

Kabla ya yote, zima jiko na kibatari chumbani na ufungue madirisha, maana mvuke wa spiriti unashika moto kwa mbali. Na ndizi iliyokwisha kuguswa na mchanganyiko isiliwe.

Ombi moja, Mwalimu: kundi la kumi na mbili lifanye hatua zote bila sabuni, kwa maji na chumvi peke yake. Bila glasi hiyo ya kulinganishia, wanafunzi watakuwa wameona kitu cheupe tu wakaambiwa jina lake.

Shikamoo. Tulifanya jaribio hili shuleni kwa ndizi. Tulisaga kwenye blenda, tukakamua kwa nguvu, na tukapata kitu cheupe kingi sana kama jeli chenye viputo vinavyoelea. Tuliambiwa yote ile ni DNA. Kweli ndizi moja ina DNA nyingi hivyo?
*Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Mafinga*

Marahaba, mwanangu. Umeuliza swali ambalo watu wengi wazima hulipita. Hapana, si yote. Sehemu kubwa ya jeli ile ni pektini, kitu kilekile kinachoifanya jemu igande.

Pektini ndiyo gundi inayoshikilia seli za tunda. Tunda linapoiva, gundi hiyo inalegea na sehemu yake inayeyuka. Ndiyo maana ndizi mbivu ni laini. Shida ni kwamba pektini nayo, kama DNA, inakubali maji na kukataa spiriti. Ukimimina spiriti, zote mbili hujitenga mahali pamoja, zote nyeupe. Blenda inasaga kuta za seli na kuachia pektini nyingi kuliko uma, na kukamua kitambaa kunaipitisha ile ambayo ingebaki kwenye makapi. Blenda ina kosa la pili: nyuzi za DNA ni ndefu mno na nyembamba mno, unene wake ni nanomita 2 tu (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), na visu vinazikata. Kipande kifupi hakifungamani na kijiti, kinabaki ukungu. Kwa hiyo mliongeza kisichotakiwa na kupunguza kinachotakiwa, kwa mashine moja.

Zitofautishe hivi. DNA ina nyuzi: ukizungusha kijiti inajiviringisha, na ukikiinua inaning'inia kama makamasi yanayovutika. Pektini ni bonge la jeli: ukilivuta kwa kijiti linakatika au linateleza lote kwa pamoja. Viputo visikudanganye upande wowote. Maji yana hewa iliyoyeyuka ndani yake, na yakikutana na spiriti hewa hiyo hutoka, inanaswa kwenye chochote kilichojitenga na kukielesha juu, kiwe DNA au pektini.

Tena hata uzi safi ulioupata kijitini si DNA tupu. Umebeba protini na RNA, ndugu wa karibu wa DNA, vilivyong'ang'ania. Protini unaweza kuzipunguza. Baada ya kuchuja na kabla ya spiriti, tia ml 1 ya maji ya nanasi lililokamuliwa muda huohuo, koroga taratibu, subiri dakika tano. Nanasi lina kimeng'enya kinachokatakata protini, kama utomvu wa papai bichi unaotumiwa jikoni kulainisha nyama ngumu. Juisi ya kopo haifai. Imechemshwa, na kimeng'enya chake kimekufa. Wazo hili ni la zamani sana. Mwaka 1869 Friedrich Miescher, akiwa Tübingen nchini Ujerumani, alitoa kitu alichokiita nyukleini kwenye seli za usaha uliokuwa kwenye bandeji za hospitali, na protini aliziondoa kwa kimeng'enya cha tumbo la nguruwe. Nyukleini yake ndiyo DNA tunayoizungumzia. Umbo lake la nyuzi mbili zilizosokotana lilielezwa mwaka 1953 na James Watson na Francis Crick, kwa msaada mkubwa wa picha za eksirei za maabara ya Rosalind Franklin.

Kama shule yenu ina maabara yenye kemikali, mwalimu anaweza kutumia kitendanishi cha difenilamini: kikichemshwa na DNA kwenye maji yanayochemka kwa dakika kama kumi hubadilika kuwa bluu. Kina asidi kali ndani yake, kwa hiyo ni kazi ya mwalimu mwenye miwani na glavu, siyo ya wanafunzi. Wino wa bluu au rangi ya chakula haithibitishi lolote. Inashika kila kitu.

Duka la dawa hapa Mbalizi wana spiriti ya asilimia 70 peke yake. Mmoja kaniambia pombe kali ya dukani itafaa, mwingine sanitaiza. Na sabuni ya mche je?
*Msomaji, Mbalizi*

Spiriti ya asilimia 70 inatosha, kwa masharti: iwe ya baridi sana, na kipimo chake kiwe mara mbili ya kilichochujwa, kama tulivyomwambia Mwalimu wa Tukuyu. Ukipata ethanoli ya asilimia 95 ya maabara, kipimo sawa kwa sawa kinatosha na nyuzi zitatoka haraka zaidi. Spiriti ya mafundi samani nayo ni kali ya kutosha, lakini imetiwa methanoli, ambayo ni sumu inayopofusha. Isikae kwenye chupa ya maji ya kunywa hata kwa dakika moja.

Pombe kali za dukani nyingi zina kilevi cha asilimia 35 hadi 40. Kilichobaki ni maji, na DNA inapenda maji, kwa hiyo inabaki imeyeyuka humo na hutaona kitu. Ulanzi au pombe nyingine ya kienyeji, hata usijaribu. Sanitaiza ya jeli ina kiwango kizuri cha spiriti, lakini pia ina kizito kinachoifanya iwe jeli. Haitaki kukaa kama tabaka, na kizito hicho kikikutana na chumvi hubadilika umbo mbele ya macho yako. Utasifia nyuzi ambazo hazikutoka kwenye ndizi.

Sabuni ya mche ndiyo inayowaangusha wengi, na sababu yake inafaa kujulikana. Sabuni hiyo ni chumvi ya mafuta. Ukiitia kwenye maji yenye chumvi inajitenga na kuganda kama maziwa yaliyokatika, na vipande vyake vyeupe huonekana DNA kwa asiyejua. Tumia sabuni ya maji. Ile inayotengenezwa mitaani kwa ungarol na salfoniki inafaa bila tatizo. Hata chumvi iliyotiwa kuifanya iwe nzito haina madhara. Ukikosa, shampuu isiyo na losheni ndani yake itafanya kazi. Sabuni ya unga inawezekana pia, kijiko kimoja cha chai kwa ml 100 za maji, ila povu lake ni gumu kutulia.

Nalima parachichi za Hass Njombe. Mtoto wangu alijaribu na parachichi akapata supu ya kijani tu. Nimejiuliza pia: njia hii inaweza kunionyesha kama miche niliyouziwa ni Hass kweli?
*Mkulima, Njombe*

Ndugu mkulima, tuanze na supu. Parachichi limejaa mafuta. Sabuni inamalizika kwenye mafuta ya tunda kabla haijafika kwenye utando wa seli, na mafuta yanaelea hasa pale spiriti inapotakiwa kukaa. Mtoto atumie ndizi. Akitaka parachichi lazima, atumie g 10 tu za nyama kwa ml 40 za mchanganyiko, aache kilichochujwa kitulie dakika 15, kisha avute cha chini kwa bomba la sindano na kuacha mafuta juu.

Kuhusu miche, hapana. DNA ya Hass, ya parachichi la kienyeji na ya ndizi zote ni nyuzi nyeupe zilezile kwa macho. Tofauti iko kwenye mpangilio wa herufi zake nne, na huo husomwa kwa mashine za maabara. Huko hawatumii sabuni ya vyombo, wana kemikali inayoitwa CTAB ambayo inafaa kwa mimea yenye utomvu na sukari nyingi.

Lakini ukifika siku ya kupeleka sampuli, jua ukate wapi. Mche wa kubebesha ni mimea miwili. Chini ya kovu la kubebeshea, mizizi na shina ni la mche wa kienyeji, lenye vinasaba vyake. Juu ya kovu ndiko kilikobebeshwa kikonyo, na ndiko Hass ilipo. Jani lililochipua chini ya kovu litakupa jibu la mche mwingine. Nyama ya tunda ni ya mti mama, kwa hiyo ni Hass kamili. Mbegu iliyo ndani yake ni mtoto, amechukua nusu kwa mama na nusu kwa chavua. Ndiyo maana ukipanda mbegu ya Hass hupati Hass, hata kama tunda lilitoka kwenye mti wako bora kuliko yote.

Kati ya matunda na mboga zetu, kipi kinatoa DNA nyingi? Nimesikia stroberi, lakini hapa Iringa si kila siku unaipata.
*Mwanachuo, Iringa*

Stroberi inasifiwa kwa haki: kila seli yake ina seti nane za kromosomu (vifurushi vya DNA), jumla 56, ni laini na haina wanga mwingi. Binadamu ana seti mbili. Ndizi nyingi tunazokula zina seti tatu, kromosomu 33; ukizinyoosha DNA zote za seli moja ya ndizi zinafika takriban nusu mita.

Wewe uliye Iringa unacho cha kushindana na stroberi: kitunguu cha Ruaha Mbuyuni. Kina kromosomu 16 tu, lakini ni kubwa ajabu. Jenomu yake, yaani seti moja kamili ya DNA yake, ina jozi za herufi zipatazo bilioni 16, mara tano ya ile ya binadamu, na DNA ya seli moja ikinyooshwa inafika kama mita 10. Pektini inayoyeyuka ni kidogo kuliko ya ndizi mbivu, kwa hiyo unachokiona ni safi zaidi. Mimi ningechagua kitunguu kila mara.

Kina gharama yake. Seli zake ni ngumu na vimeng'enya vya kukata DNA vinaamka mara tu unapokikata, kwa hiyo kinahitaji joto. Katakata g 50 vipande vidogo kabisa, tia ml 50 za mchanganyiko, na uweke chombo kwenye maji ya nyuzi joto 60 kwa dakika 12, si zaidi ya 15. Huna kipimajoto? Maeneo yetu ya juu maji huchemka mapema: Mbeya, mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari, ni karibu nyuzi 94, na Iringa inazidi kidogo tu. Vikombe vitatu vya maji yanayochemka na viwili vya maji ya bomba ya asubuhi vinakupa kama nyuzi 62, na sufuria ikinywa joto lake unabaki na 60. Ukifuata kipimo cha nusu kwa nusu kilichoandikwa kwa watu wa pwani, huku kwetu utaishia 55 au chini. Baada ya joto, tia chombo kwenye maji baridi dakika tano, kisha ponda, chuja na uendelee kama kwa ndizi. Joto likizidi au likikaa muda mrefu, DNA yenyewe inaanza kuvunjika.

Je, kwa njia hii naweza kutoa DNA ya mate ya mtoto na ya baba yake nikazilinganisha?
*Mama, Makambako*

Mama, DNA ya mate inaweza kutoka kwa njia inayofanana na hii, lakini kuzilinganisha kwa macho haiwezekani. Zitakuwa nyuzi mbili nyeupe zisizosema chochote. Vipimo vya vinasaba vya binadamu hapa nchini vina sheria yake ya mwaka 2009 na hufanywa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Ulizia huko kwanza utaratibu wa maombi kabla ya kuchukua sampuli ya mtu yeyote.

Nyuzi zetu zilipotea siku ya pili. Tunazihifadhije?
*Klabu ya sayansi, Mbeya mjini*

Mliziacha kwenye glasi wazi. Spiriti ilipungua kwa mvuke, ikachanganyika na maji ya chini, na DNA ikayeyuka tena. Zikishajitenga, zihamisheni kwa kijiti siku hiyohiyo kwenye kichupa chenye spiriti safi ya asilimia 70 au zaidi, mkijaze karibu na mdomo na kukifunga kwa nguvu. Mkikiweka mahali pa baridi pasipo na jua kitakaa miezi. Kibandikeni lebo yenye tarehe, aina ya tunda na neno SUMU, kwa sababu kikikaa kabatini hakuna atakayekumbuka kilicho ndani.